Ayeeyo Akivunjika Paja, Uliza Dawa

Wasee, hapa Tarbaj ayeeyo akivunjika paja tunasema ni uzee, tunatafuta gari, tunakimbia Wajir. Hakuna anayeuliza alikuwa akimeza dawa gani. Na hilo swali liliwahi kupeleka kampuni kubwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mwaka 1995 kampuni ya Merck ilipata kibali cha kuuza Fosamax huko, dawa ya mifupa iliyodhoofika, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi. Tuseme ukweli, imewasaidia wengi. Lakini baadaye wachache waliota vidonda vya taya visivyopona, mfupa ukifa ndani. Wengine, baada ya kuimeza miaka mingi, walivunjika paja wakitembea tu.

Desemba 2013 Merck ilikubali kulipa dola milioni 27.7 kumaliza kesi za taya. Za paja ndizo zikawa vita. Wagonjwa zaidi ya 500 walisema hawakuonywa. Merck ikajibu: 2008 tuliiomba FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, tuongeze onyo, na 2009 ikatukatalia. Wagonjwa nao wakasema: mliandika kuhusu nyufa ndogo za kawaida, si paja kukatika, ndiyo maana mkakataliwa. FDA yenyewe ilitaka onyo hilo Oktoba 2010.

Kesi ikatupwa 2014, ikafufuliwa 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema swali la kama FDA ingekataa onyo sahihi ni la jaji, si la baraza la wazee wa mahakama. Ikatupwa tena 2022, ikafufuliwa tena 2024. Mgonjwa aliyevunjika akiwa na miaka 70 angefikisha mingapi hapo?

Sasa rudi Kenya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa, na fidia ikimdhuru kwa sababu ina kasoro. Lakini kesi ya madhara ya mwili kwa kawaida ina miaka 3 tu. Mahakama inaweza kukuongezea muda kama hukuwa na njia ya kujua chanzo, ila lazima uthibitishe. Utathibitisha na nini, kama boksi lilitupwa na risiti ya kemisti haipo?

Wale wa Marekani walibishana kuhusu maneno ya onyo. Ayeeyo wetu hata likiandikwa vizuri halimfikii, kwa sababu liko kwa Kiingereza na yeye anaongea Kisomali. Hapo ni kazi yetu sisi tuliosoma.

Kwa hivyo leo jioni fungua mfuko wake wa dawa. Msomee ile karatasi kwa lugha yake. Piga picha boksi na risiti. Muulize kama paja, kinena au taya inauma. Akisema ndiyo, usimwachishe dawa wewe: mpeleke kwa daktari, na mwombe aripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu.