Mtutu, Risasi na Pointi Tatu: Mashindano ya Creedmoor, 1874

Leo tutazungumza habari za bunduki. Si ya vita, wala ya kuwindia, bali ile ya mashindano ya kulenga shabaha. Anayeitengeneza bunduki hiyo hana budi kuchagua mambo mawili: uzito wa mtutu, na namna ya risasi.

Mtutu mzito una faida zake. Hautikisiki ovyo, haupati moto upesi, na bunduki haimsukumi mpigaji sana begani. Lakini kama uzito peke yake ungalitosha, kila mtu angalikwenda mashindanoni na mzinga! Huko Marekani, katikati ya karne ya 19, walikuwako watu waliolenga kwa bunduki za ratili 30 na zaidi, wakiziegemeza juu ya meza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, baadhi yao walizichukua katika kikosi cha walenga shabaha cha Hiram Berdan. Basi fikiri, msikilizaji: ni nani awezaye kuandamana siku nzima na mzigo kama huo? Baadaye kikosi kilipewa bunduki za Sharps, zilizo nyepesi zaidi.

Kwa sababu hiyo sheria za mashindano ziliweka mpaka. Katika kulenga mbali, bunduki nzima isizidi ratili 10, wala isiegemezwe juu ya kitu. Hapo ndipo akili ya fundi ilipojaribiwa, maana kila wakia anayoiweka mahali pengine ameinyima mtutu.

Mwaka 1873 Waairishi waliwashinda Waingereza na Waskoti huko Wimbledon, wakapata Ngao ya Elcho. Kisha wakawaita Wamarekani washindane nao. Waairishi walitumia bunduki za John Rigby wa Dublin, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa wapigaji. Hizo zilikuwa za kushindiliwa kwa mbele, kama gobore unalolijua, ila mtutu wake ulikuwa na michirizi ndani na kazi yake ilikuwa safi kabisa. Wamarekani walileta Remington na Sharps, zinazofunguliwa nyuma na kutiwa risasi yenye ganda la shaba.

Wakati ule mabingwa wengi waliamini kwamba kwa mbali gobore haliwezi kushindwa. Nao hawakuwa wajinga. Bunduki ya kushindiliwa haina mtambo mzito wa kufungua nyuma, kwa hiyo ratili zile 10 zaweza kwenda zaidi mtutuni. Tena risasi yake hukalishwa kwa mkono, polepole, juu ya baruti iliyopimwa. Viwanda viwili vya Marekani viliweka heshima yao hatarini. Risasi waliyoichagua ilikuwa nyembamba na ndefu, uzito wake gramu 35 hivi, ikisukumwa na baruti nyeusi ya gramu 6 hivi. Baruti ikizidi, mpigaji huchoka bega. Ikipungua, upepo huichezea risasi. Kumbuka kila mtu alipaswa kupiga mara 45.

Siku ilikuwa 26 Septemba 1874, mahali paitwapo Creedmoor, karibu na jiji la New York. Kila upande ulikuwa na watu sita. Kwa yadi 800 Wamarekani walipata 326, Waairishi 317. Kwa yadi 900, 310 kwa 312. Kwa yadi 1,000, 298 kwa 302. Risasi ya mwisho ilikuwa ya Kanali John Bodine, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amejikata mkono kwa chupa iliyopasuka. Alijifunga kitambaa, akalala chini, akapiga katikati. Jumla: 934 kwa 931.

Magazeti yalisema gobore limekufa. Mimi nasema tazama hesabu tena. Katika masafa mawili ya mbali, gobore ndilo lililoshinda. Zaidi ya hayo, Mwairishi mmoja alipiga katikati kabisa, lakini katika shabaha isiyo yake. Akakosa pointi 4, nao walishindwa kwa 3. Kwa hiyo siku ile haikuonyesha kwamba risasi ya ganda ni bora kwa kulenga. Ilionyesha kwamba yalingana, na hilo lilitosha, kwani hutiwa upesi, na mtutu husafishwa kwa nyuma. Mwaka 1875 Wamarekani walishinda tena, huko Dollymount karibu na Dublin.

Mpaka wa uzito bado upo. Katika mashindano yaitwayo F-Class, ambapo bunduki huruhusiwa kuegemezwa, kundi moja lina kilo 8.25 na jingine kilo 10. Na mwaka 2007 kiwanda cha Hornady kilipotoa risasi mpya ya kulenga mbali, kiliiita Creedmoor.