Labda na Budi: Ndugu wa Tumbo Moja

Wapo watu wanaodai ati Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika. Ubishi huo hauishi katika mabaraza ya Tanga. Msomaji, wenye dai hilo tuwaulize habari za neno moja tu: labda.

Asili yake ni Kiarabu, hatukatai. Ni maneno mawili: la, yaani hapana, na budda, yaani njia ya kukwepa. Mwarabu akisema la budda, maana yake ni lazima, huna pa kutokea. Kamusi zetu za zamani zina hata umbo la labuda, kabla ulimi haujaimeza ile u ya katikati.

Kumbe Mswahili alilichukua neno la lazima akalifanya la shaka! Mvuvi wa Pangani akikwambia, "Labda kesho," unajua hajaahidi kitu.

Na ajabu zaidi, budda hiyohiyo tunayo kwa njia nyingine: ndiyo budi. "Sina budi kukulipa" na "labda nitakulipa" zimetoka tumbo moja, lakini muulize mwenye duka kama ni mamoja! Budi amerithi ukali wa mzazi. Labda amekwenda zake.

Imekuwaje? Mimi naona jibu limo katika mazungumzo yetu wenyewe. Jahazi likichelewa kutoka Pemba, mtu wa pwani husema, "Lazima litakuwa limetia nanga mahali." Je, ameliona? Wapi! Anakisia tu, ila anakisia kwa nguvu. Neno likitumika hivyo miaka nenda miaka rudi, nguvu huisha, kisio hubaki. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hiyo ilikuwa imekwisha fanywa zamani na wasemaji wenyewe. Hakuna kamati iliyokaa kuigeuza labda.

Leo neno hilo linakaa na pengine, lililotokana na -ingine, na huenda, lililotokana na kwenda. Hao wawili ni wenyeji wa Kibantu, na yeye amekuwa mwenzao.

Basi sisi vijana tunaoandika tusiyaonee haya maneno kwa sababu ya babu zao. Kuazima si kuvunjika. Mgeni kutoka Muscat akiisikia labda yetu akadhani ameahidiwa, atangoja sana.