Swali la Kasongo

Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, husimuliwa kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kwa pembe zilizobebwa kupitia Kabambare hadi Tanganyika, na kwa Wabelgiji walioutwaa mji mwaka 1893. Mnunuzi wa vidonge vya vitamini ana sababu ya kukumbuka mwaka mwingine. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti juu ya watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35, uliotiwa sahihi kwa jina la mradi, si la mtu. Waliochanjwa surua walikufa wachache kuliko wasiochanjwa. Watafiti wangeweza kushangilia na kufunga daftari. Wao waliendelea kuhesabu, wakaona pengo likipungua kadiri watoto walivyokua, wakauliza: tumeokoa maisha, au tumekiahirisha tu kifo cha mtoto dhaifu?

Shaka yao haikusimama. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake walipima tafiti za nchi kadhaa, wakakuta chanjo ya surua inaokoa hata zaidi ya ilivyotarajiwa. Basi Kasongo ilikosea? Katika jibu, ndiyo. Swali lenyewe, yaani nani amepona, akilinganishwa na nani, na kwa muda gani, ndilo ambalo chupa ya vitamini iliyoandikwa “huongeza kinga” hailigusi. Vitamini A iliulizwa swali hilo. Kule Aceh, Indonesia, utafiti wa 1986 ulionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa asilimia 34. Uttar Pradesh, India, kwa watoto milioni moja, matokeo ya 2013 yalikuwa asilimia 4, kiasi kinachoweza kuwa bahati tu. Kidonge ni kilekile, kinakatwa ncha kwa mkasi na kukamuliwa kinywani. Kwa maoni yangu kinachobadilika ni mtoto: asiye na upungufu hana cha kujaziwa, na wekundu wa mawese yanayopikiwa sombe huko Maniema ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyohiyo.

Wengine hujitetea kwamba kitu kilichomo kwenye chakula, hata kikizidi, hakidhuru. Finland walilijaribu hilo kwa wanaume wavuta sigara 29,133, wengine wakipewa vidonge vya beta-karotini, wengine bila. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliovimeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.