Kabla ya Kocha, Kulikuwa na Mama wa Mabati

Mwaka jana nilimlipa kocha wa pesa. Tulikutana kwenye mkahawa mmoja Nakuru mjini, akanisukumia karatasi tupu. Andika kila shilingi iliyoingia mwezi uliopita, akasema. Halafu andika unadaiwa na nani. Nilikuwa na mikopo mitano kwa simu, na nyumbani hakuna aliyejua. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho. Lakini maswali yale hayakuwa mageni. Niliyasikia nikiwa mtoto, Dundori, nimekaa kwa nyasi nyuma ya cucu yangu.

Dundori ni kule juu, ukitoka Nakuru kuelekea Ol Kalou. Baridi, waru, kabichi, maziwa. Wakati wa mkoloni nyanda hizi zilikuwa za walowezi, na watu wetu walikuwa vibarua. Mwaka wa 1962 serikali ilianza mpango wa ekari milioni moja: mashamba ya wazungu yakanunuliwa, yakakatwa, na familia kama 35,000 zikapewa vipande kwa mkopo. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30, riba asilimia 6.5 kwa mwaka.

Kitu ambacho watu husahau ni kwamba mpango huo ulikuja na bajeti. Maafisa walipiga hesabu: ng'ombe kadhaa, mboga kiasi fulani, na baada ya chakula na kulipa deni familia ibaki na pauni 25 kwa mwaka, au 40, au 70, au 100, kulingana na aina ya shamba. Karatasi safi kabisa. Ila haikujua kwamba ng'ombe hufa, na kwamba ndugu yako akilazwa hospitali ni wewe utaitwa. Watu wengi wakarudi nyuma na malipo. Guka alikuwa akikumbushwa deni kwa barua, na barua haikuulizi umefikaje hapo.

Miaka hiyo hiyo ya sitini, wanawake wa Kikuyu walikuwa na hesabu yao. Walichanga pesa, wakanunua mabati, wakaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine. Paa la nyasi halikupi maji safi ya mvua, na wao ndio waliobeba mitungi. Vikundi vyao vikaitwa hivyo tu, vya mabati. Kikundi cha cucu kilipomaliza mapaa hakikuvunjika, kiliingia kwa ng'ombe na karo.

Zamu yako ikifika, ulisema mbele ya wote pesa inaenda wapi. Nakumbuka mama mmoja aliyetaka kumpa kijana wake yote aongezee ya matatu. Kijana ana leseni? Ya mwaka jana ilienda wapi? Kimya. Mwishowe akapewa nusu, nusu ikawa ndama. Sisemi ilikuwa raha. Kuna waliosengenywa hadi wakaacha kuja, na aliyekosa mchango aliaibishwa hata kama ni mgonjwa.

Halafu simu. M-Pesa ilikuja 2007, M-Shwari Novemba 2012, Fuliza 2019. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Linganisha na ile ya guka, ya mwaka mzima. Lakini kusema ukweli, si ada iliyonimaliza. Ni kwamba saa nane usiku, nikiwa kitandani, hakuna aliyeniuliza ni ya nini. Sheria ya 2021 iliweka wakopeshaji wa mtandaoni chini ya Benki Kuu, na ilihitajika, maana kuna waliokuwa wanapigia hadi shangazi zako simu. Hata hivyo, Benki Kuu haitakuuliza kuhusu ndama.

Kocha hakunipa siri yoyote. Alisema nianze na deni dogo kabisa, nisikope kulipa mkopo, na kila Jumapili nimtumie hesabu ya wiki. Basi. Nimemaliza matatu.

Nilipomwambia cucu, alitega sikio lake zuri. "Unamlipa mtu ndio akuulize?"

"Ee, cucu."

"Pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akauliza zile mbili zilizobaki ni za nini.

Jumapili iliyopita niliandika 1,150 za nyama choma. Nikafuta. Nikaandika tena.