Mwani si ukoga

Kwenye maduka ya samaki wa mapambo, kangaja huuzwa kwa maneno mawili: mla mwani. Mnunuzi akisikia hivyo anaelewa "msafishaji". Humbeba samaki wake ndani ya mfuko wa plastiki, humwachia katika tangi la maji ya chumvi ambalo kioo chake kimeota ukijani, kisha husubiri kazi ifanyike. Baada ya wiki kadhaa samaki amekonda, mgongo umechongoka, tumbo limebonyea. Mwenyewe anashangaa: si chakula kimejaa humo humo?

Mimi naona sehemu ya kosa iko kwenye neno. Vitabu vya biolojia hutumia mwani kutafsiri alga ya wanasayansi, na alga ni kundi pana ajabu. Humo mna majani ya bahari ya urefu wa mita kadhaa, mna nyuzi laini kama nywele, mna pia vijidudu vya seli moja visivyoonekana kwa macho. Lakini kwa mwanamke wa Paje au Jambiani, mwani ni zao. Huufunga kwenye kamba, huuvuna maji yakipwa, huuanika, huupima kwa kilo. Kilimo hicho cha biashara kilianza huko, Zanzibar, mwaka 1989. Mwambie kwamba ule utelezi wa kijani ulioshika ngazi za gati nao ni mwani, atadhani unamtania.

Wala si Kiswahili kilichopotoka. Warumi nao waliposema alga walimaanisha majani yanayotupwa ufukweni na mawimbi. Wataalamu ndio waliolichukua neno la pwani wakalivuta mpaka likafunika kila kitu, nasi tukaipokea tafsiri pamoja na mvutano wake.

Ndiyo maana napendekeza tuligawe. Mwani ubaki mwani: kitu chenye jani au tawi, kinachoshikika na kukatika. Ule utando mwembamba unaofunika kioo na mawe tuuite ukoga. Neno hilo tunalijua kwa meno yasiyopigwa mswaki, na mfano unakaa vizuri, kwa sababu ukoga haukatwi, hukwanguliwa.

Samaki wenyewe wanaukubali mgawanyo huu, tena kwa meno yao. Wako kangaja wa jenasi Ctenochaetus, jina la Kigiriki linalounganisha kitana na unywele. Meno yao ni membamba, yamepangana kama kitana, na kazi yake ni kukwangua ukoga na takataka laini juu ya mawe. Ukiwawekea jani gumu huhangaika nalo. Kangaja wa jenasi Zebrasoma, akiwemo yule wa njano wa Hawaii na yule wa bahari yetu mwenye mapezi mapana kama tanga, ana mdomo mrefu wa kuchungulia nyufa na meno ya kukata. Huyu anataka kitu cha kuuma. Wa kwanza ni mkwangua ukoga, wa pili ni mkata mwani. Kumwita kila mmoja "mla mwani" ni sawa na kumwita mbuzi na nyuki kwa pamoja "wala mimea". (Msomaji wa bara aniwie radhi: kangaja ninayemsema hapa ana mwiba mkali kwenye shina la mkia, hana uhusiano na lile chungwa dogo.)

Hapo ndipo matunzo yanapoanza. Mkata mwani katika tangi la nyumbani humaliza nyuzi zilizopo kwa siku chache, kisha humtegemea mwenye nyumba. Chakula kinachomfaa na kupatikana kwa urahisi ni nori, karatasi ya mwani mkavu ambayo Wajapani huviringishia wali, ilimradi haikutiwa mafuta wala viungo. Ibane kwa kibanio kwenye kioo asubuhi, aichume kidogo kidogo mchana kutwa. Usimlishe kama papa, mlo mmoja mzito wa nyama. Mwani una nguvu kidogo, kwa hiyo baharini kangaja hula karibu muda wote wa mwanga, na baadhi yao hubeba tumboni bakteria wakubwa kupindukia, Epulopiscium, wanaofika zaidi ya nusu milimita na kuonekana bila hadubini. Walipoelezwa mwaka 1985 hawakudhaniwa kuwa bakteria; hilo lilithibitishwa 1993. Utumbo wa namna hiyo umeumbwa kwa kazi isiyokatika.

Kangaja asiyelishwa mwani wa kutosha huweza kuchimbika ngozi kichwani na kando ya ubavu, na lishe duni ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Tena ni muogeleaji. Tangi fupi humtia wahka, na wahka humfungulia mlango ugonjwa wa madoa meupe, kwa hiyo mgeni atengwe kwanza wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Kuna jina moja zaidi la kuondoa. Ule utando mwekundu, laini kama kamasi, unaofunika mchanga mara nyingi huitwa mwani mwekundu. Si mwani, wala si ukoga ninaousema. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, na samaki wengi hawaugusi. Anayenunua kangaja wa pili ili aumalize ameongeza kinyesi, na kinyesi ni mbolea yake. Afadhali apunguze chakula kinachobaki, abadilishe maji, aongeze mkondo.

Mkulima wa mwani hahitaji kuelezwa haya. Tasi, samaki ambaye wavuvi wa Kenya humwita tafi, ni mkata mwani hodari. Kundi lake likipita shambani, kamba hubaki na vishina vilivyotafunwa, na sijasikia mkulima hata mmoja akimwita msafishaji.