Kutuma fromaji, samaki na nyama kwa ajansi: hesabu masaa, si kilomita

Fromaji ya Masisi inaombwa Kinshasa na Kisangani. Samaki ya ziwa Tanganyika inaombwa Bukavu. Wanafunzi walio mbali na nyumbani wanangojea sombe ya mama. Siku hizi oda inafanyika kwa WhatsApp, pesa inapita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kisha koli inapanda gari, boti, moto ao ndege.

Shida ni moja: ajansi nyingi zinabeba chakula sawa vile zinabeba nguo. Hakuna frigo ndani ya gari. Baridi, ni mtumaji mwenyewe anaifunga ndani ya koli, na hiyo baridi iko na masaa yake. Ikiisha mbele koli haijafika, mama muuzaji amepoteza mutaji, na mwenye kukula anaweza kupoteza afya.

Joto inafanya nini ndani ya chakula

Vijidudu vinaongezeka haraka kati ya digri 5 na digri 60. Ndiyo maana Shirika la afya ulimwenguni (OMS) linashauri chakula kilichopikwa kisikae inje zaidi ya masaa 2 bila kuwekwa kwa baridi.

Watu wengi wanasema: «Nitachemsha sana, itakuwa sawa.» Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini sumu zingine ambazo vijidudu viliacha ndani zinabaki. Mfano ni tomsoni, ile samaki ya baridi inayouzwa kwa kartoni. Ikikaa kwa joto, ndani yake inatokea kitu kinachoitwa istamini. Moto haiiondoe, na harufu inaweza kuwa bado nzuri. Mwenye kuikula anaweza kuwa mwekundu kwenye uso, kuumwa kichwa, kuwashwa mwili, kutapika.

Tutofautishe basi hasara na hatari. Chokolati, kama ile inayotengenezwa Mutwanga, eneo la Beni, inayeyuka karibu na digri 34, kisha ikiganda tena inapata rangi nyeupe-nyeupe. Haipendezi, lakini haina ubaya kwa mwili. Fromaji ngumu ikitoa jasho la mafuta, ni vile vile: bei inashuka, lakini bado inakuliwa. Nyama, samaki mbichi, maziwa na chakula cha kupikwa, hizo ndizo zenye hatari.

Njia moja, majoto mawili

Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu ya bahari. Uvira na Kalemie, pembeni ya Tanganyika, ziko karibu metre 800. Kisangani na Kindu ziko chini zaidi, karibu metre 400 hadi 500. Kila ukishuka metre 1000, joto inaongezeka karibu digri 6. Koli iliyofungwa asubui Bukavu mutu akivaa jaketi, saa sita inaweza kuwa Uvira juu ya gari, kwenye jua kali. Usipime joto ya kwako. Pima joto ya kule inakoenda.

Na usihesabu kilomita. Hesabu masaa tangu kitu kinatoka kwa frigo mpaka kinaingia kwa frigo ingine. Weka ndani masaa ya kungoja gari lijae, ya bariere, ya matope wakati wa mvua, na ya koli kulala depo juu ya kuwa mwenye nayo hajapata simu. Kiisha, zidisha mara mbili. Hiyo ndiyo safari yako ya kweli. Njia pia zinabadilika: kiwanja cha ndege cha Goma kilipofungwa Januari 2025, mizigo iliyozoea ndege ilipashwa kutafuta njia ndefu. Masaa yakibadilika, chakula cha kutuma kinapashwa kubadilika pia.

Chagua chakula kulingana na safari

Masaa machache, kama boti ya mwendo kati ya Goma na Bukavu: samaki mbichi ao nyama inaweza kupita, ikiwa na barafu ya kutosha.

Usiku moja, kama boti kubwa inayotoka jioni na kufika asubui: tuma tu kitu kilichoganda kama jiwe, ndani ya sanduku la frigoliti. Sombe ya kupikwa ipozwe haraka, iwekwe kwenye konjelateri siku mbili, ndipo itumwe. Ikiwekwa ya moto kwenye koli, inachacha njiani.

Siku moja na zaidi: acha vitu vibichi. Tuma samaki ya moshi iliyokauka mpaka ndani, makayabu, sambaza kavu, maziwa ya unga, fromaji ngumu. Sambaza ililetwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na wavuvi wanajua vizuri kwamba mbichi haivumilie: ni ndogo, na matumbo yake yanabaki ndani. Kavu inatembea mbali.

Kwa fromaji, omba duara zima, lisilokatwa. Ganda lake ni nguo yake. Lifunge na karatasi, kiisha kitambaa. Plastiki inafunga jasho ndani na ukungu unakuja haraka.

Namna ya kufunga koli

Barafu iko na nguvu kuliko maji ya baridi. Kilo moja ya barafu, mpaka iyeyuke yote, inakunywa joto sawa na ile ingepandisha kilo moja ya maji kutoka digri 0 mpaka digri 80. Kwa samaki mbichi katika inchi za joto, kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ukilipa kilo 10 za samaki, ujue utalipa usafiri wa kilo 20. Mwenye kukuambia barafu kidogo inatosha, anakuuzia hasara.

Kama unapeleka kwa ndege ao kwa gari la watu, gandisha maji ndani ya chupa za plastiki zilizofungwa vizuri. Usizijaze mpaka juu, zitapasuka. Maji hayatavuja kwenye mizigo ya wengine, na mwenye kupokea atakunywa.

Jaza sanduku. Nafasi wazi ni joto inayongojea. Ijaze na magazeti yaliyokunjwa. Chupa zingine ziweke juu, maana baridi inashuka. Funga kifuniko na skochi pande zote. Andika kwa inje: CHAKULA, BARIDI, WEKA KIVULINI, jina na namba mbili za simu za mwenye kupokea. Omba koli isiwekwe juu ya gari wala karibu na mashini.

Mbele ya kulipa

Muombaji na muuzaji waelewane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: kilo ngapi bila barafu, koli inatoka saa gani, gari gani, namba ya shofa, na nani anabeba hasara kama chakula kinafika kimeharibika. Wengi wanagombana juu ya jambo hilo moja ambalo hawakusema mwanzoni. Muuzaji apige picha ya chakula, ya kilo kwenye mizani na ya koli iliyofungwa. Usitume siku ya posho mchana kama depo ya kule haifungui siku ya yenga.

Koli ikifika

Ifungue mbele ya mutu wa ajansi, piga picha. Kama chupa bado ziko na barafu ndani, ni dalili nzuri. Kama maji ni ya vuguvugu, usiulize pua yako peke yake. Samaki mbichi: jicho liwe wazi, nyama irudi ukiibonyeza, mashavu ya ndani yawe mekundu. Nyama iliyoyeyuka lakini ingali baridi sana, pika siku ile ile. Usiirudishe kwa konjelateri mbichi ili uuze kesho.

Kama iko na mashaka, mtoto mchanga, mwanamke mwenye mimba na mzee wasiionje. Dola kumi zilizotupwa zinauma, lakini mara nyingi bili ya hospitali inauma zaidi.