Shoemaker-Levy 9

Shoemaker-Levy 9 (kitaalamu D/1993 F2) ilikuwa nyotamkia iliyopasuliwa na uvutano wa Mshtarii mwaka 1992. Vipande vyake viliigonga sayari hiyo kati ya tarehe 16 na 22 Julai 1994, na kwa mara ya kwanza wanaastronomia wakashuhudia moja kwa moja magimba mawili ya mfumo wa Jua yakigongana nje ya Dunia.

Iligunduliwa tarehe 24 Machi 1993 na Carolyn Shoemaker, mumewe Eugene na David Levy, waliokuwa wakisaka asteroidi katika kituo cha Palomar, California, Marekani. Mbingu ilikuwa na mawingu, nao wakaamua kutumia filamu zilizokwisha kuingia mwanga kingoni ili wasiharibu zilizo nzima. Carolyn alipokagua picha hakuona kitone chenye mkia alichokizoea, bali kitu kirefu chenye ukungu, kama nyotamkia iliyokanyagwa. Darubini kubwa zikaonyesha ni vipande vingi vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi. Vipande 21 vikapewa herufi A hadi W, I na O zikirukwa.

Hesabu za njia yake zilileta ajabu nyingine: haikuwa ikilizunguka Jua kama nyotamkia nyingine, bali Mshtarii, iliyokuwa imeinasa miongo kadhaa nyuma. Julai 1992 iliingia ndani ya mpaka wa Roche, yaani umbali ambao uvutano wa sayari unaweza kulipasua gimba linaloikaribia. Hapo upande wake ulioielekea sayari ulivutwa kwa nguvu kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo ikaushinda mshikamano wake. Jambo hili lina uzito kuliko hata milipuko iliyofuata, kwa sababu jiwe gumu lingepita pale likiwa zima. Nyotamkia ilikatika kwa kuwa ndani yake haikuwa imara, ni rundo la barafu na vumbi lililoshikana kidogo tu.

Vipande vilitumbukia kwa kasi ya takriban km 60 kwa sekunde, upande wa sayari usioonekana kutoka duniani. Chombo cha Galileo, kilichokuwa safarini kuelekea Mshtarii, kiliona milipuko moja kwa moja. Waliobaki duniani hawakungoja sana: Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na dakika chache baadaye makovu yakajitokeza. Kipande G, kilichoanguka Julai 18, kiliacha doa jeusi lenye upana wa takriban km 12,000, karibu sawa na kipenyo cha Dunia. Hata darubini ndogo za nyumbani ziliyaona madoa hayo, na yalidumu kwa miezi.

Mwaka 2013, vipimo vya darubini ya anga ya Herschel vilionyesha kwamba mvuke mwingi wa maji katika tabaka za juu za angahewa ya Mshtarii uliletwa na nyotamkia hii.